Kuomba masta ng'ambo ukiwa Lamu: anza na walimu wako, insha baadaye

Vijana wakimaliza injinia au kompyuta huko Nairobi au Mombasa hurudi nyumbani, wakawa wakaa uwanjani Mkunguni kupunga upepo, na swali lao ni moja tu, nianzie wapi? Na ukiwauliza washafanya nini, wote wako kwenye insha ya kujieleza. Mie huwaambia iwacheni hiyo kwanza. Insha waweza kuandika hata kwa siku tatu, lakini transkripti na barua za walimu ziko mikononi mwa watu wengine, na wewe uko ng'ambo hii ya maji.

Kufuata karatasi moja Mombasa ni boti mpaka Mokowe, basi, siku nzima yaisha njiani, ulale kwa jamaa, hafu urudi. Kwa hivyo piga safari moja umalize yote, transkripti zenye muhuri, cheti, barua ya msajili ya kueleza mfumo wa alama (hii watu wengi huisahau, nakuja hapo), na zote uziskani kwa rangi kabla hujapanda basi la kurudi. Mwalimu nae umuone uso kwa uso. Mpe sivii yako, majina ya kozi, tarehe za mwisho, na umkumbushe projekti yako, manake tangu uondoke ashafundisha mamia. Imeli atakayotumia iwe ya chuo, vyuo vingi haviiamini ya Gmail. Mwalimu wangu mmoja linki ya chuo ya kutumia barua ilimwangukia kwenye spamu nikajua zimebaki siku mbili, nilimpigia simu nikiwa natetemeka.

Sasa hiyo barua ya msajili. Chukua mfano wa Ujerumani, huko 1.0 ndio alama bora na 4.0 ndio ya kupasi kwa tabu, na vyuo vingi vyatumia fomula ya Bavaria kubadilisha alama zetu. Chukua 100, toa wastani wako, gawanya kwa 60 (yaani 100 toa ile 40 yetu ya kupasi), zidisha mara 3, ongeza 1. Mwenye 70, daraja la kwanza kabisa kwetu, anatoka na 2.5! Mwenye sekend apa ya 64 anapata 2.8, na kozi nyingi zinataka 2.5 au bora zaidi, yaani namba ndogo. Piga hesabu hii kabla ya kulipa, manake uni-assist, shirika linalopokea maombi ya vyuo vingi vya Ujerumani, ombi la kwanza ni yuro 75 na kila la ziada 30. Barua ya msajili haibadilishi hesabu lakini anayesoma faili ataona kwamba 70 kwetu si mchezo.

Na usidanganywe na neno bure. Kweli vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi karo (Baden-Württemberg wao wanatoza yuro 1,500 kwa muhula kwa sisi wa nje ya Ulaya), ila viza inataka uonyeshe pesa ya kuishi, tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalum. Nani anazo hapa? Ndio maana tafuta ufadhili sambamba na chuo, si baadae. Kuna DAAD ya Ujerumani, na Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ambayo hutoa yuro 1,400 kwa mwezi na maombi yake mengi ni kati ya Oktoba na Januari. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka uwe ushafanya kazi miaka miwili kwanza. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, matokeo yake ni ya miaka miwili, usiifanye mapema sana, na uliza kama chuo kinakubali barua ya kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza, uokoe hiyo pesa.

Insha sasa. Usianze na ati tangu utotoni ulipenda kompyuta, wote wanaandika hivyo. Kama projekti yako ilikuwa sensa ya kupima chumvi kwenye kisima cha Shela, anza na kisima, sensa ikashika kutu wiki ya pili, ukafanya nini.

Ya mwisho, saa za dedilaini ni zao. Saa 23:59 ya Ujerumani majira ya baridi kwetu ni saa nane kasoro dakika moja usiku, lakini usijipe moyo na hayo masaa mawili, stima ya huku waijua. Ombi langu nililituma barazani kwa jirani mwenye sola, kwa bando ya simu, mbu wananimaliza.