Unaogopa kuibiwa stori ya filamu? Fanya haya kabla hujamtumia prodyuza skripti

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kuandika filamu hapa Bongo ni hili: kaka, nisajili hakimiliki kwanza au nimtumie tu prodyuza hivi hivi? Kwa kifupi, skripti iliyokamilika sajili, wazo la kichwani usihangaike nalo maana hakuna ofisi itakayokulindia wazo.

Hili mimi nililijua kwa kuumia. Nilikaa na prodyuza mmoja mgahawani Sinza nikamsimulia stori yote kwa mdomo, mke wa dereva wa lori anagundua mumewe ana familia nyingine Tunduma, jamaa akasema kali sana hii tutaongea, hatukuongea tena, mwaka uliofuata nikaona tamthilia ya mke wa dereva wa lori na mke mdogo mpakani. Nililia kweli. Nikaenda kwa mwanasheria akaniuliza kitu kimoja tu, uliandika wapi? Sikuwa na hata ukurasa mmoja.

Sasa elewa sheria inavyosema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kile ulichokiandika, wazo lenyewe hailigusi, na Kenya nako ni hivyo hivyo. Dereva mwenye familia mbili ni wazo, kila mtu anaweza kuliandikia filamu yake. Ila tuseme umeandika sini ambayo mke anafagia kebini ya lori anakuta kipande kimoja cha kanga, na wewe unajua kanga inauzwa doti, kwa hiyo anakaa kimya miezi mitatu akijiuliza kipande cha pili kavaa nani, mpaka siku anashuka Tunduma anakiona kimeanikwa kwenye kamba uani kwa watu. Hiyo sasa ni yako, mtu akiichukua na mpangilio wake na maneno ya wahusika una kitu cha kumshikia. Ndio maana nasema maliza kuandika kwanza, kadiri unavyoandika kwa undani ndivyo unavyokuwa na kitu cha kulindwa.

Na ukishaandika tu hakimiliki ipo tayari, hata kama hujalipa mtu senti. Ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994, na inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Sasa kusajili kwa nini? Kwa sababu siku mkifikishana mbele ya hakimu, cheti chenye tarehe kinaongea vizuri kuliko wewe. Ofisi za hakimiliki ni hizi: Bara nenda COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya KECOBO. Peleka skripti nzima, sinopsisi, yaani muhtasari wa stori, ya nusu ukurasa haitakusaidia sana. Kuna wanaojitumia bahasha kwa posta waiweke bila kuifungua, mimi siishauri, bahasha inaweza kutumwa wazi ikafungwa baadaye na wakili wa upande wa pili atalisema hilo.

Kabla ya kikao: jina lako na tarehe ukurasa wa kwanza, tuma kwa PDF, tena tuma kwa imeli. Mkishaongea ana kwa ana, jioni ile ile mwandikie, "Asante kwa muda wako leo, skripti niliyokusimulia ni hii hapa." Mistari miwili tu lakini inaonesha nani alipokea nini na lini. Weka daftari la majina ya wote uliowapa. Meseji za WhatsApp usifute, na ukibadilisha simu hakikisha umezihamisha.

Mkataba wa usiri je? Ukiupata ni mzuri sana maana huo unaweza kulinda hata wazo ambalo hakimiliki hailigusi, kwa sababu mtu kasaini kwamba hatalitumia. Ila prodyuza mkubwa mara nyingi atakataa kumsainia mtu asiyemjua, hapo usimuone mwizi, mpe kurasa chache na mengine abaki akiyatamani.

Halafu wengi tunaogopa mwizi wa wazo wakati hasara kubwa iko kwenye mkataba tunaosaini wenyewe huku tunacheka. Soma kama unauza haki zote moja kwa moja au unampa ruhusa ya filamu moja tu. Sizoni ya pili nani anaandika, jina lako linakaa wapi, hela inaingia lini. Kenya ukiagizwa kuandika, haki zinahesabika zimehamia kwa aliyekuagiza isipokuwa mmekubaliana vingine, kwa hiyo ukinyamaza umegawa. Ukiwa umeajiriwa kuandika angalia hilo hilo. Mpelekee mwanasheria hata kama itabidi ukope nauli.

Na kama mnaandika wawili na rafiki yako, msianze sini ya kwanza kabla ya karatasi. Nani ana asilimia ngapi, nani anaongea na prodyuza, mmoja akijitoa katikati inakuwaje. Mimi na mwenzangu tulijaza ukurasa mmoja wa daftari, tukasaini wote, shahidi akasaini, kila mtu akabaki na nakala yake, na stori ya kanga ndiyo tunayoiandika sasa hivi.