Saa ya thamani baada ya miezi sita mkononi

Ukiitazama saa yako ya chuma baada ya kuivaa miezi sita mfululizo, jicho litakwenda kwanza kwenye mikwaruzo ya kifungo cha mkanda. Hiyo isikunyime usingizi. Kifungo ndicho kinachosuguana na meza mchana kutwa, na hakuna saa inayovaliwa ikabaki laini hapo. Kinachoua saa ni maji, hasa ya chumvi, na jasho lililochanganyika na vumbi. Maelezo haya yanahusu saa za otomatiki, yaani zinazojijaza kwa mwendo wa mkono, ambazo kifundo chake cha pembeni, kile cha kurekebishia wakati, hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu: Rolex Submariner, Tudor Black Bay, Omega Seamaster na za aina hiyo.

Kuosha

Kunja mkanda uangalie pale vipande vinapokutana. Ule uchafu mweusi ni ngozi iliyokufa, jasho, sabuni na vumbi. Ukilowa unageuka kama msasa: unakula pini, matundu yanapanuka, na baada ya miaka kadhaa ukiishika saa kwa ubavu mkanda unaning'inia kama mnyororo. Mkanda ukishalegea hivyo, kuosha hakutaurudisha.

Kwanza hakikisha kifundo kimefungwa hadi mwisho. Tia maji ya vuguvugu kwenye bakuli, tone moja la sabuni ya maji, kisha chukua mswaki laini wa mtoto. Sugua upande wa ndani wa mkanda huku ukiukunja ili nafasi zifunguke, halafu ukingo wa kifuniko cha nyuma na pale mkanda unapoungana na saa. Suuza, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na uache mkanda ukauke kabisa kabla ya kuvaa. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, fanya hivi kila wiki. Ukitoka baharini usingoje siku ya kuosha: isuuze palepale kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukiizungusha ile pete ya nje ya kioo huku maji yakitiririka. Chumvi ikikauka chini yake, pete inakwama.

Maandishi ya mita 30 kwenye saa hayana maana ya kuogelea. Saa hiyo inavumilia manyunyu tu. Kuanzia mita 100 unaweza kuogelea nayo, mradi mipira ya kuzuia maji bado ni mizima. Maji ya moto ya bafuni yaepuke hata kama saa ni ya mita 300, kwa sababu joto, mvuke na sabuni huichosha hiyo mipira. Anayetawadha mara tano kwa siku asivae mkanda wa ngozi, utaoza na kunuka. Dawa ya mbu yenye DEET nayo huharibu plastiki na baadhi ya mikanda ya mpira. Ipake, nawa mikono, ndipo uvae saa.

Mwendo

Kila siku wakati uleule, linganisha saa yako na ya simu inayojirekebisha kwa mtandao, uandike tofauti kwa sekunde. Baada ya siku 7, gawanya kwa 7 tofauti iliyoongezeka. Cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, kinaruhusu kuchelewa sekunde 4 hadi kutangulia sekunde 6 kwa siku. Rolex wamejiwekea sekunde 2 kila upande. Omega zenye cheti cha Master Chronometer ni 0 hadi 5 za kutangulia. Hizo ni namba za maabara, kwa hiyo mkono wako ukitofautiana nazo kidogo si ugonjwa. Ulalo wa usiku nao hubadilisha mwendo. Jaribu siku tatu uso ukiwa juu, siku tatu kifundo kikiwa juu, siku tatu kikiwa chini. Mara nyingi utapata ulalo mmoja unaorudisha zile sekunde zilizozidi mchana.

Saa ikianza ghafla kutangulia dakika nzima kwa siku, shuku sumaku. Ndani mna springi nyembamba kama unywele. Mizunguko yake ikishikana, gurudumu linaloongoza mwendo hucheza haraka kupita kiasi. Sumaku hiyo hutoka kwenye spika, jalada la tableti au kifungo cha mkoba. Ikaribishe saa kwenye dira ya kawaida: sindano ikiruka kwa nguvu, umepata jibu. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku humaliza kazi chini ya dakika moja.

Tarehe na kifundo

Hapa ndipo wenyewe wanapoziharibu saa zao. Kwenye mashine nyingi, kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku meno ya gurudumu la tarehe yameshikana. Ukilazimisha kubadili, jino linavunjika. Uso wa saa haukuambii kama ni mchana au usiku, kwa hiyo zungusha mishale mbele mpaka tarehe iruke. Hapo ni saa sita usiku. Endelea hadi mshale mfupi ufike kwenye namba 6, yaani saa kumi na mbili asubuhi, ndipo uweke tarehe ya leo na kusogeza hadi wakati wa sasa.

Saa iliyosimama itie ufunguo kwa kuzungusha kifundo kwa mkono mizunguko 30 hadi 40. Wakati wa kufunga, kisukume kifundo taratibu na kwanza kizungushe kinyume mpaka usikie kikizama kidogo kwenye njia yake, kisha kaza mbele. Kikigoma mwanzoni, usikilazimishe, meno yamepishana. Kifungue uanze upya.

Kwa fundi

Usikubali kupigishwa polishi kila mwaka. Polishi huondoa chuma, kingo hupotea, na wanunuzi wanaojua watashusha bei.

Ukungu chini ya kioo ni dharura. Usiifukie saa kwenye mchele, hauwezi kuvuta maji kutoka ndani ya saa iliyofungwa. Ipeleke siku hiyohiyo, maana maji ya chumvi huanza kutia kutu upesi. Ukiwa na shaka tu, ipashe joto la mkono, weka tone la maji baridi juu ya kioo kwa dakika moja, ulifute: ukungu ukionekana upande wa ndani, maji yameingia.

Mara moja kwa mwaka omba kipimo cha kuzuia maji kwa mashine ya hewa. Rolex, Tudor na Omega hutoa dhamana ya miaka 5 kwa saa mpya, hivyo ndani ya muda huo usimruhusu fundi asiyeidhinishwa kuifungua. Ikifunguliwa, taka mipira yote ibadilishwe, iandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe, na risiti ikae pamoja na kadi ya dhamana.