Kumtafutia Mtoto Mchanga Mlezi wa Kutegemewa

Kazi ya kumtafutia mtoto mlezi inafaa ianze kabla hajazaliwa, au walau miezi kadhaa kabla ya mama kurejea kazini, kwa sababu vituo vizuri hujaa mapema na yaya mwenye sifa hakai muda mrefu bila kazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 kuhusu ulinzi wa uzazi unataka likizo isiyopungua wiki 14, lakini si nchi zote zilizouridhia. Mzazi anayesubiri siku za mwisho za likizo yake ndipo aanze kuulizia hujikuta akimchukua yeyote aliyepatikana.

Jambo la kwanza ni kuamua aina ya malezi: yaya wa kuja au kuishi nyumbani kwako, mlezi anayepokea watoto wachache nyumbani kwake, au kituo cha kulelea watoto. Ndugu wa karibu naye ni mlezi, na anastahili kuulizwa maswali yaleyale, ingawa wengi huona haya kumhoji mama mkwe. Ikiwa ni kituo, uliza kibali chake, kisha uhesabu mwenyewe idadi ya walezi na ya watoto waliomo chumbani. Nchini Uingereza kanuni ni mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, na kipimo hicho kinafaa kukumbukwa popote ulipo, kwa kuwa watoto wachanga hawapangi foleni: mmoja akiwa ananyonya chupa, wa pili amejisaidia na wa tatu ameamka akilia, mikono miwili imekwisha kazi.

Tembelea mahali hapo zaidi ya mara moja, na mara mojawapo iwe bila taarifa, katika muda wa kulisha watoto au kuwabembeleza walale, maana ndio muda ambao uchovu hujitokeza. Maelezo ya mwenye kituo yana faida yake, lakini kinachopaswa kukuongoza zaidi ni mikono ya mlezi. Mtazame anapobadilisha nepi: je, mkono mmoja unabaki juu ya mtoto wakati mwingine ukichukua nguo safi, anazungumza naye, ananawa kwa sabuni baada ya kumaliza, anapangusa pale alipomlaza kabla ya kumleta mwingine? Wakati wa kulisha, mtoto anapakatwa na kutazamwa usoni, au chupa imeegemezwa kwenye mto naye ameachwa peke yake? Chupa ya kuegemeza inaweza kumpalia mtoto, na kwangu hiyo pekee ni sababu tosha ya kuondoka. Mtoto akilia, usihesabu ni mara ngapi analia, bali inachukua muda gani mtu kumfikia, na anafika na uso wa namna gani.

Suala la usingizi lisipite juujuu. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hulazwa chali kila mara, hata usingizi wa mchana, juu ya godoro gumu lililo bapa, bila mto, blanketi zito wala midoli, kwa kuwa kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla. Omba uonyeshwe chumba cha kulala watoto wakiwa wamelala, badala ya vitanda vitupu vilivyotandikwa kwa ajili ya wageni. Uliza pia nani huwaangalia, na kila baada ya muda gani.

Unapomhoji mlezi, epuka maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana. Nani atakiri kwamba hapendi watoto? Mpe tukio: mtoto amelia kwa nusu saa, ameshiba, nepi ni kavu, hana homa; unafanya nini? Jibu zuri lina hatua, na ndani yake kuna kukiri kwamba subira ya binadamu ina mwisho: atambeba, atambeulisha, atamtembeza, na akihisi anaelemewa atamlaza chali mahali salama, atatoka dakika chache apumue, kisha atakupigia simu. Anayejibu kwamba kwake watoto hawalii, ama hajalea sana ama anaficha jambo, na aliyezidiwa bila kukubali kwamba amezidiwa ndiye anayeweza kumtikisa mtoto na kumjeruhi ubongo. Muulize vilevile angefanya nini mtoto akipaliwa, na kama amewahi kufunzwa huduma ya kwanza ya watoto wachanga. Kisha zungumza na wazazi aliowahi kuwafanyia kazi, uwaulize swali moja la wazi: wangemchukua tena leo?

Ukishamchagua, andikeni makubaliano. Humo ziwemo saa za kazi, malipo, siku za mapumziko, majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na katazo la kumpa dawa yoyote bila idhini yako. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yaandikwe tarehe na saa. Hukaa kwa muda wa hadi saa nne katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 za Selsiasi, na hadi siku nne kwenye jokofu, na yaliyobaki kwenye chupa baada ya mtoto kunyonya yatupwe ukipita muda wa saa mbili. Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji maji, na asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifikisha joto la nyuzi 38, mlezi asisubiri jioni; akupigie mara moja ili mtoto apelekwe kwa daktari.

Malipo yasiwe ya kubahatisha. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unamtambua mfanyakazi wa nyumbani kuwa mfanyakazi kama wengine, mwenye haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Yaya asiyelala vya kutosha hawezi kukesha na mtoto wako kwa upole.

Siku za mwanzo kaa pamoja na mlezi na mtoto, kisha ondoka kwa saa moja, halafu nusu siku. Mtoto anayekaribia miezi minane anaweza kuanza kulia unapoondoka, na hilo peke yake si dalili mbaya. Dalili za kufuatilia ni michubuko isiyo na maelezo, uzito usioongezeka, nepi zinazorudi zimelowa kila jioni, au mlezi asiyependa ufike kabla ya saa ya kawaida. Na kabla hujarudi kazini rasmi, tafuta mtu wa pili ambaye mtoto amekwisha kumzoea, kwa ajili ya siku ambayo mlezi ataugua.