Somo: Lenzi ya zamani kwenye kamera mpya ya renjifainda (inayolenga kwa kupatanisha taswira mbili dirishani)

Lenzi yangu ya kwanza ya zamani ilikuwa Jupiter-8 ya Kisovieti, milimita 50. Nilimpiga shangazi picha Entebbe kwa f/2, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa. Filamu ilipooshwa, nakshi za hereni zake zilionekana moja moja, ila macho yamefifia. Nikalaumu mikono yangu bure.

Kuifunga ni kazi ya dakika moja. Lenzi hizi zina skrubu ya milimita 39. Bessa R2A na Zeiss Ikon, ambazo hazitengenezwi tena, na Leica M za leo zina mdomo (sehemu ya kufungia lenzi) wa M, uliokuja na Leica M3 mwaka 1954. Mdomo wa skrubu hukaa milimita 28.8 kutoka kwenye filamu, wa M 27.8. Kwa hiyo adapta, pete ya kuunganisha midomo hiyo miwili, lazima iwe na unene wa milimita 1 kamili. Za bei ya kutupa mara nyingi hazifiki hapo. Kwenye Leica chukua adapta inayoleta fremu ya 50, yaani mistari ya mpaka wa picha dirishani. Kwenye Bessa fremu unaichagua mwenyewe kwa swichi.

Sasa pima, kabla hujatia filamu. Fungua mgongo wa kamera, tandaza seloteipu isiyong'aa juu ya reli za filamu, weka spidi B (pazia la kuzuia mwanga hubaki wazi ukishikilia kitufe), fungua lenzi hadi f/2, halafu tazama kwa kioo cha kukuzia. Anza na kitu cha mbali: mimi husimama Makerere nikalenga mnara wa msikiti wa Old Kampala. Lenzi ikiwa mwisho wa mbali na mnara hauko wazi, shuku adapta kwanza.

Kisha laza futi ya fundi nguo mezani, lenga namba mojawapo kutoka mita 1. Jupiter yangu ilionyesha wazi sentimita kama 3 nyuma ya niliyolenga. Sababu ni hesabu: ilifuata kipimo cha urefu wa fokasi cha Contax, kamera ya Kijerumani, milimita 52.4, na renjifainda ya Leica hutumia 51.6. Kwa mbali, au ukifunga hadi f/5.6, huoni tofauti.

Maswali ya wanachama

*Jinja: Mwalimu, ndani ya yangu kuna nyuzi kama za buibui.*
Huo ni ukungu, yaani kuvu, ssebo. Hewa ya ziwa inaupenda, na mfuko wa ngozi unaulea. Itenge na nyingine, uiweke kwenye kopo lake lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli, chembe za kunyonya unyevu.

*Mbale: Je, Jupiter-12, ile ya milimita 35?*
Kioo chake cha nyuma kimechomoza sana. Kwenye baadhi ya kamera zenye kipima mwanga hugusa sehemu za ndani. Ikikataa, usilazimishe.

*Gulu: Kila picha yangu ina doa jeupe mahali pamoja.*
Ni Leica M ya filamu? Pazia lake ni la kitambaa. Uliiacha bila kifuniko ikitazama jua, lenzi ikachoma tundu. Pazia hubadilishwa.

*Kampala: Na shangazi ulimrudia?*
Ndiyo, kwa f/2 ileile. Nililenga ncha ya pua, macho yakaingia yenyewe.