Somo: Vara Lakshmi Vratam, hatua kwa hatua

Ibada hii ni ya wanawake wa Kihindu wa kusini mwa India: Karnataka, Andhra Pradesh, Telangana na Tamil Nadu. Hufanywa Ijumaa inayotangulia mwezi mpevu wa Shravana, mwezi wa kalenda ya Kihindu uangukao kati ya Julai na Agosti. Walioolewa ndio huishika zaidi, wakimwomba Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri na baraka, neema kwa nyumba nzima.

1. Alhamisi safisha nyumba. Ijumaa oga alfajiri, chora kolamu, yaani nakshi za baraka, mlangoni kwa unga wa mchele. Wengi hufunga mpaka ibada iishe.

2. Andaa kalasha, chungu kitakatifu kinachomwakilisha Lakshmi, na hapa usiharakishe. Chombo cha shaba au fedha kijaze mchele au maji, utie sarafu, tambuu, popoo, ndimu na kipande cha manjano. Mdomoni panga majani ya mwembe, ncha zitazame juu, kisha kalisha nazi iliyopakwa manjano. Kwenye nazi hufungwa uso wa Lakshmi wa fedha, ukavishwa sari, kipini na maua. Wapo wanaomaliza saa nzima kwenye mikunjo ya sari tu, wala siwalaumu.

3. Anza kwa kumwabudu Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, hata kama sanamu yake ni kidonge tu cha manjano yaliyokandwa. Ndipo Lakshmi.

4. Uombee uzi wa manjano wenye mafundo tisa, uufunge mkono wa kulia.

5. Simulia kisa cha Charumati, aliyeoteshwa ibada hii na Lakshmi. Yeye na wenzake walipoizunguka kalasha mara ya kwanza wakajikuta na njuga miguuni, ya pili bangili, ya tatu mapambo mwili mzima.

6. Jioni waite kina mama majirani. Kila mmoja mpe manjano, kumkumu (unga mwekundu wa kupaka kipajini), tambuu na popoo, matunda, bangili au kitambaa cha blauzi. Ukibana matumizi, bana kwingine kote, hapa usibane.

Maswali ya wanachama

Sina uso wa fedha, nifanyeje?
Nazi yatosha. Chora macho kwa wanja, midomo kwa kumkumu.

Nikiwa hedhini Ijumaa hiyo?
Wengi huhamishia Ijumaa nyingine ya Shravana.

Kalasha huondolewa lini?
Kwa kawaida Jumamosi. Isogeze kidogo upande wa kaskazini kwanza. Maji hunyunyizwa nyumbani. Mchele usitupwe, upikie payasamu, uji mtamu, kwa maziwa na sukari guru.