Kufunga piranomita ili vipimo vyake viaminike

Piranomita hupima nguvu ya jua inayoangukia eneo bapa, kwa wati kwa kila mita ya mraba. Chini ya kuba zake mbili za kioo kuna kisahani cheusi kinachopata joto, na thamopaili inayogeuza tofauti ya joto kuwa milivolti chache. Zipo pia za silikoni, bei nafuu na zinazojibu haraka, lakini huishia kwenye mwanga wa nanomita 1100 hivi, ilhali thamopaili hufika karibu 2800. Kwa kumbukumbu za miaka mingi, chukua thamopaili.

Chagua mahali pa wazi. Mti au jengo liwe mbali angalau mara 10 ya kimo kinachozidi kifaa. Epuka ukuta mweupe ulio karibu, maana hurudisha mwanga usiotakiwa.

Kazi kubwa ni usawa. Zungusha skrubu za miguu taratibu mpaka kiputo cha pimamaji kikae chote ndani ya duara. Jua likiwa nyuzi 20 juu ya upeo wa macho, mwinamo wa nyuzi 1 tu kulielekea huongeza kipimo kwa karibu asilimia 5. Ukishakaza boliti tazama kiputo upya, kwani mara nyingi boliti ya mwisho ndiyo inayovuta kifaa upande.

Nyaya mbili za ishara ziunganishwe ili kinasa data kipime tofauti kati yake, na skrini ya kebo (wavu wa metali unaozizunguka nyaya) iungwe ardhini upande mmoja tu. Zitenge na nyaya za umeme mkubwa. Pima kila sekunde, hifadhi wastani wa dakika 1.

Kila kifaa kina namba yake ya usikivu kwenye cheti. Usikope ya kifaa kingine. Ikiwa ni maikrovolti 8.5 kwa kila wati kwa mita ya mraba na unasoma milivolti 6.8, gawanya 6800 kwa 8.5: unapata 800.

Usiku ndio wakati mzuri wa kukagua. Wati hasi 1 hadi 5 kwa mita ya mraba ni kawaida, kwa sababu kuba hupoteza joto kuelekea anga baridi. Ukiona chanya 20 gizani, fungua kiunganishi utafute maji au kutu. Mchana ukisoma hasi, nyaya zimepishana. Lakini 1200 kwa dakika chache si kosa: kingo za mawingu meupe huongeza mwanga, kwa hiyo usifute data hiyo.

Futa kuba kwa kitambaa laini na maji safi yasiyo na chumvi, kila wiki au mara nyingi zaidi penye vumbi. Usisugue vumbi kavu, litakwaruza kioo. Silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu ndani ya kifaa) ikibadilika rangi, ibadilishe siku hiyohiyo kabla ukungu haujatanda ndani ya kuba, na kifaa kirudi maabara kusanifishwa kila baada ya miaka 2.