Kuhamia deodoranti ya asili: subiri kipupwe

Ndugu zangu wa Mtwara mnaotaka kuacha deodoranti ya kuzuia jasho na kuhamia ya asili, isiyo na nta ya nyuki wala chochote cha mnyama: anzeni Juni au Julai. Mkianza Novemba, joto la kabla ya mvua litawakatisha tamaa mapema. Ile ya kuzuia jasho ina chumvi za alumini zinazoziba vitundu vya jasho. Hii ya asili inapunguza harufu tu, kwa hiyo kwapa litalowa, na ndivyo inavyotakiwa.

Ya kujitengenezea: mafuta ya nazi, wanga wa muhogo uliochekechwa vizuri, na bekingi soda kidogo sana (siyo magadi ya maharage!). Soda ikizidi kwapa linawasha na kubabuka, na tafadhali usipake ukiwa umetoka kunyoa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo huku kwetu mara nyingi yatakuwa majimaji. Koroga kwanza, paka kwa ncha ya kidole, subiri yakauke ndipo uvae shati, la sivyo doa halitoki.

Shabu, lile jiwe jeupe ambalo wengine hupaka kwapani badala ya deodoranti, nayo ina alumini, kwa anayeikwepa alumini.